Divai ya Hortense Ilale Wapi

Hortense Jacquelin alikuwa na chupa sita za divai nyekundu ambazo hakuruhusu mtu azishike hata kwa kufuta vumbi. Marehemu mumewe, Léonce, alizilaza chini ya nyumba mwaka aliozaliwa Maëlle, binti yao wa ubatizo, ili zije zinywewe siku ya harusi yake. Zamani hapa Chagny, kwetu Burgundi penye mashamba ya zabibu, kila nyumba ilifanya hivyo. Siku hizi mtoto akizaliwa anafunguliwa akaunti benki, na hakuna anayeinywa akaunti.

Maëlle akapata mchumba, mtu wa Libourne, kule upande wa Bordeaux wanakojivunia divai yao kuliko zote, na harusi ikapangwa huko huko.

"Unawapelekea divai watu wa Bordeaux?" nilimwambia Hortense. "Kawapelekee na mvua basi."

"Nyamaza, Aubin. Wewe hata kwa supu hakualiki mtu."

Tulitaniana, lakini wasiwasi ulikuwepo. Divai kuukuu huchoka. Ikitikiswa, mashapo yaliyotulia chini yanaamka na kuichafua, ikawa chungu, ya rangi ya matope. Léonce alikuwa akisema, chupa ikisafiri mchana, usiku ipewe mahali ilale. Hortense aliona tayari wakwe wa Libourne wakiinua glasi zao kwenye mwanga, wakitazamana na kucheka. Na wangemcheka Léonce, aliye kaburini, asiyeweza kujibu.

Mpwa wake Thibaut, mfanyakazi wa ofisini Dijon, alikuja na simu yake mkononi.

"Shangazi, rahisi kabisa. Unapanda hapa, unabadilisha Paris, jioni uko Libourne."

"Paris iko kaskazini, mwanangu. Libourne iko magharibi. Mtu anayekwenda jikoni anapitia darini?"

"Ndivyo reli zilivyo, shangazi."

"Na zitalala wapi?"

"Nani?"

"Chupa!"

Thibaut alinitazama kana kwamba ni mimi niliyemroga shangazi yake. Hortense naye alinigeukia, kwa sababu nilipakia mapipa ya divai kwenye mabehewa ya stesheni yetu tangu ujana wangu hadi siku walipong'oa reli za mizigo na kuweka maegesho ya magari. Nikajibu kwa kifua mbele: Lyon, tulale, kisha ile treni inayokata katikati ya nchi hadi Limoges, tulale, kisha Libourne. Nilisema "tulale" kabla hajaniomba nimsindikize.

Stesheni tulikuta dirisha la tiketi limeshushwa pazia. Mlangoni ilisimama mashine. Niliibonyeza Lyon, ikakubali. Niliibonyeza Limoges, ikatupeleka Paris. Nikarudia pole pole, kama unavyomrudia mgonjwa wa masikio. Paris.

"Imelewa," alisema Hortense.

Thibaut akapigiwa simu. "Mzee Aubin, treni hiyo ilifutwa zamani."

"Ilifutwa vipi? Milima bado ipo, Limoges bado ipo!"

"Treni ndiyo haipo, mzee wangu."

Tulirudi nyumbani. Nilitandaza mezani ramani yangu ya reli, tukaanza upya, safari hii kwa kuzunguka kusini. Hapo ndipo tulipopotea hasa, kwa maana Hortense hakuchagua miji kwa treni, alichagua kwa usingizi wa chupa. Lyon sawa, divai za jirani yake ni ndugu zetu. Avignon itakuwa na joto, lakini wanajua kuhifadhi. Toulouse aliipinga.

"Nani analima zabibu Toulouse? Zitapata huzuni."

"Zitalala usiku mmoja tu, Hortense, haziozwi huko."

Tukafuta, tukaandika, tukafuta. Mara Nîmes ikaingia, mara ikatoka. Mara tulikuwa tunafika Libourne kabla ya kuondoka Toulouse. Mwishowe Thibaut alitununulia tiketi zote kwa simu, na kila alipouliza "hii?" sisi tuliitikia "ndiyo, hiyo" tusijue ni ipi.

Tuliondoka Jumatatu, chupa zimesimama ndani ya kikapu cha mavuno, zimefungwa kwa soksi za sufu za Léonce. Lyon zililala vizuri. Avignon tulishuka kwenye stesheni kubwa ya vioo, iliyo nje ya mji, tukalala hoteli ya jirani. Asubuhi tulisimama pale pale kama kuku wageni, tukiisubiri treni yetu kwenye ubao. Haikuandikwa. Nani angefikiri mji mmoja una stesheni mbili, watu wateremke huku na wapandie kule? Tulipochukua teksi kwenda ile ya mjini, dereva aliruka kila tuta, na Hortense alikikumbatia kikapu huku akikiomba radhi. Treni tuliikosa.

"Zimeamka zote," alisema kwenye benchi. "Hatuendi popote leo. Zilale tena."

Kwa hiyo, baada ya usiku wa pili Avignon na mmoja Toulouse, tulifika Libourne Ijumaa jioni, kesho yake harusi. Aliyetupokea ni babu wa bwana harusi, Anatole Cazenave, mzee mrefu mwenye kofia. Hakutusalimu. Alikitazama kikapu.

"Zimelala wapi jana?"

"Toulouse," alijibu Hortense, kwa aibu.

"Maskini." Akakipokea kikapu kwa mikono miwili. "Basi kesho haziguswi, hata askofu aje kuziomba. Tutazifungua Jumapili."

Jumapili, siku ya mlo wa kumalizia harusi, vijana wengi walikuwa bado vitandani. Cazenave aliwasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akamimina pole pole, na mashapo yalipokaribia mdomo akasimamisha mkono. Maëlle aliingia jikoni peku, wanja umemshuka mashavuni. Akanywa, akafumba macho, akamwekea mama yake wa ubatizo kichwa begani.

Cazenave aliizungusha kinywani kwa muda mrefu.

"Kwa divai ya Burgundi," alisema, "ningesema haijafa."

Hortense alicheka hadi akafuta machozi. Kutoka kwa mtu wa Bordeaux, Léonce asingedai zaidi ya hapo. Thibaut, aliyefika kwa safari ya siku moja tu kupitia Paris, alionja yake akauliza kama kuna barafu. Sisi wazee watatu tulisogeza glasi zetu mbali naye.

Baadaye alitoa simu yake. "Shangazi, kurudi mnapitia wapi? Toulouse tena?"

Hortense alikuwa akizikunja zile soksi, moja moja, na kuzipanga ndani ya kikapu kitupu.

"Nipitishe Paris," alisema. "Sina tena cha kulaza njiani."