Pepo Aliyedai Watu Wawili

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilisimama mbele ya ukumbi wa parokia yetu hapa Kisangani, suruali imepigwa pasi, daftari mkononi, nikawatangazia watu wazima wenye akili zao kwamba pepo aitwaye Ubunga ameingia mjini na bado anadai watu wawili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mungu ni mvumilivu sana. Mimi ningekuwa Yeye, paa la ukumbi lingeanguka siku ile ile.

Nakuandikia haya kwa sababu ya ulichofanya wiki iliyopita. Unajua kwamba kila Desemba nabandika mlangoni kwangu orodha ya diski tano nilizozipenda kuliko zote katika mwaka. Nyingine ni diski kweli, zile sahani nyeusi ambazo mama yako anasema zinafuga mende. Nyingine siku hizi zinakuja ndani ya simu, lakini zote naziita diski, nimezeeka, niachie. Watu hushangaa katekista mstaafu mwenye magoti mabovu kupenda panki, ule muziki wa gitaa lenye hasira na ngoma inayokimbia, na indi, muziki wa vijana wanaojirekodia wenyewe chumbani bila kumwomba bwana mkubwa ruhusa. Nawajibu kwamba nimefundisha watoto katekisimu miaka arobaini. Kelele ya vijana haijawahi kunitisha, na mara nyingi ndani yake nimekuta sala.

Mwaka huu namba tano ni yule kijana mpole aliyeimbia kando ya maporomoko ya Wagenia. Mto unasikika vizuri kuliko yeye, naye ana unyenyekevu wa kuuachia. Namba tatu ni wale wasichana wa mtaa wa Mangobo waliorekodi wakati umeme unakatika ovyo: nyimbo nne zinakufa katikati ya neno, nao wakaziacha hivyo hivyo. Nilimshukuru Mungu kwa ukweli wao. Na namba moja, kama ulivyosoma mwenyewe, ni wale wanafunzi watatu wenye albamu ya dakika kumi na tisa, wanaopigia kelele matope, viatu vilivyotoboka na profesa asiyefika darasani. Ukaweka simu sikioni nusu dakika, ukasema mbele ya wote: "Papa, hii haiko muziki. Hii iko aksida ya moto!" Tulicheka, hata mimi nilicheka, maana kweli mwanzo wake unafanana na ajali ya moto, yaani pikipiki mbili zinazokutana uso kwa uso. Lakini ukaenda ukaandika hivyo hivyo katika kundi la simu la vijana wa parokia. Tangu siku ile yule mpiga gitaa wao, jirani yako, hajaonekana kwenye mazoezi ya kwaya.

Ndipo nikamkumbuka Ubunga.

Zamani hizo mimi ndiye niliyekuwa mjuzi wa diski wa mtaa mzima. Mwalimu mmoja mgeni, alipokuwa anarudi kwao, aliniachia sanduku la diski na mashine ya kuzipigia, ndogo, ya kubeba kwa mkono, inayotumia mabetri. Kuwa na mashine peke yako katika mtaa ni jambo baya kwa roho ya kijana. Kila mwisho wa mwaka nilisoma orodha yangu ukumbini, na watu walinisikiliza kama vile nasoma barua ya askofu.

Sasa, mashine ile ilikuwa na kijiti pembeni cha kuchagua mwendo: mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, au arobaini na tano, yenye kasi zaidi. Ukikosea mwendo, wimbo unaharibika. Nilikuwa na kanuni yangu, nami niliifundisha kwa kidole kilichoinuliwa: diski ndogo hupigwa kwa arobaini na tano, diski kubwa kwa thelathini na tatu. Kwisha. Lebo ya katikati, ambayo juu yake huandikwa mwendo, sikuwa naisoma. Lebo ni ya wale wasiojua.

Mwaka ule walitokea vijana watatu wa Lubunga, ule upande wa mji wetu ulio ng'ambo ya mto, wakipiga gitaa kwa namna ambayo hatukuwa tumeisikia. Mwimbaji alikuwa msichana, Feza, mwenzetu wa kwaya, binti wa mjane. Walituma kanda yao Kinshasa kwa boti, na baada ya miezi mingi ikarudi imekuwa diski, kubwa, nyeusi, inang'aa. Wakaomba kuipiga ukumbini siku ya mwaka mpya. Minong'ono ikaanza. Mama yake Feza, mwanamke wa sala, akaapa: kanisa likisema diski ile ni mbaya, gitaa litakuwa kuni za kupikia pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, na Feza atapanda boti kwenda Opala kwa shangazi yake, akalime. Padri, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akasema isikilizwe kwanza na mtu anayejua.

Mtu anayejua alikuwa mimi.

Nilifunga mlango, nikaomba sala fupi (fupi mno, naona leo), nikaweka diski. Ilikuwa kubwa, basi nikaacha kijiti kwenye thelathini na tatu. Mwanangu, kilichotoka kilikuwa kama ng'ombe aliyeangukia kisimani. Gitaa lilikoroma. Ngoma zilikuja moja moja, kama mtu anayekata migomba bila haraka. Na juu ya yote, sauti nzito ya mwanaume ikiita: "Uuu-buuu-ngaaa! Uuu-buuu-ngaaa!" Halafu, kwa ukali: "Badooo wawiliii! Badooo wawiliii!"

Nilisikiliza wimbo mmoja tu, na huo sikuumaliza. Nikaandika kurasa mbili.

Jumapili ile nikazisoma kwa sauti. Nilieleza kwamba mwimbaji ni mwanaume wa umri mkubwa, "na yawezekana si binadamu". Nilieleza kwamba anaita roho iitwayo Ubunga, na kwamba roho hiyo imeshapata watu kadhaa, idadi haijulikani, na bado inataka wawili. Watu walianza kuhesabiana kwa macho. Mama mmoja wa Lubunga hakungoja nimalize. Alifunga kitenge vizuri akatoka mbio kuelekea mtoni, kupeleka habari ng'ambo.

Nilipofunga daftari, aliinuka Papa Bonifasi. Huyu alikuwa sakristani wetu, mzee mfupi aliyetunza mishumaa na kengele, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti.

"Matayo mwanangu," akasema, "ule mwanaume mwenye anaimba, iko nani?"

"Hatujui, Papa. Hajulikani."

Kutoka benchi la mwisho ikasikika sauti nyembamba yenye hasira, ikiniita "Ya", yaani kaka:

"Ya Matayo, ule mwanaume iko mimi!"

Ukumbi mzima ukageuka. Feza alikuwa amesimama juu ya benchi ili aonekane, maana alikuwa mfupi.

"Bon," akasema Papa Bonifasi. "Leta mashine. Tusikie sisi wote huyu mwanaume."

Nikaipiga, kwa uhakika kabisa. Ng'ombe akatoka kisimani. Mama mmoja akaanza rozari, mtoto akalia, nami nikawatazama watu kwa uso wa mtu aliyesema ukweli. Papa Bonifasi akatembea polepole hadi mbele, akasimamisha diski kwa mkono, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akainama juu ya lebo kama anavyoinama kutafuta tone la nta sakafuni.

"Hapa wameandika arobaini na tano," akasema. "Alors, kijiti yako iko wapi?"

"Papa, diski kubwa hupigwa kwa..."

"Nimekuuliza kijiti iko wapi."

"Iko kwenye thelathini na tatu."

Akakisogeza kwa kidole kimoja, akarudisha sindano mwanzo. Gitaa likaruka kama mafuta kwenye sufuria ya moto. Ngoma zikakimbia. Na ikatoka sauti ya Feza, safi, kali, ikiita kwa kasi: "Lubunga! Lubunga! Bado wawili! Bado wawili, twende!"

Kama hukuwahi kuvuka mto wetu kwa pirogi, yaani mtumbwi, nikueleze: huo ndio mwito wa mvushaji akingoja chombo kijae. Bado abiria wawili, aondoke. Nilikuwa nimehubiri dhidi ya nusu ya mji wangu mwenyewe.

Kicheko kilichopigwa siku ile, mwanangu, nafikiri bado kimo katika kuta za ukumbi ule. Padri alifunika uso kwa vitabu vya nyimbo. Feza hakucheka. Aliuliza tu, "Katekista, pepo yako iko wapi sasa?" Lakini Papa Bonifasi hakuwa amemaliza. Alichukua ile diski yangu ndogo iliyokuwa namba moja ya mwaka, ambayo niliisifu kuwa panki yenye mbio kuliko zote, na vijana walikuwa wameirukia mwezi mzima. Akasoma lebo. Thelathini na tatu. Alipoipiga kwa mwendo wake, akatokea mwanaume akilia polepole, kwa maneno ya kigeni lakini yenye huzuni ambayo mtu yeyote angeielewa, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni wimbo wa msiba. Tulikuwa tumeicheza kwenye harusi ya binamu yangu.

Kisha akanivuta pembeni. Nilingoja makaripio makubwa. Akaniambia maneno machache tu, na mpaka leo sijayapunguza uzito: "Wewe ulisikiliza na jina yako ya mjuzi. Masikio uliacha nyumbani. Sasa beba mashine, twende Lubunga. Habari yako imevuka, na wewe utavuka."

Tukavuka, yeye, mimi na Feza, mashine juu ya magoti yangu nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Tulipofika, mama yake alikuwa ameshafunga nguo za binti katika kitenge, na gitaa lilikuwa limeegemezwa kando ya mafiga. Boti ya Opala ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikaanza kueleza habari za miendo miwili. Mama Feza akanikatiza.

"Mimi sijui namba zako. Piga ile yenye ulisikia wewe."

"Mama, ile ni makosa..."

"Piga makosa yako, nisikie."

Nikasogeza kijiti kwenye thelathini na tatu. Sauti nzito ikatoka, ikajaa uani, na safari hii nikaisikia hata herufi ya kwanza: "Luuu-buuu-ngaaa! Badooo wawiliii!"

Mama Feza aliinamisha sikio. Aliweka mwiko chini. Akakaa. Wimbo ulipoisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya pili aliinua kitenge akafuta macho, na alipoufunua uso alikuwa anacheka.

"Huyu haiko pepo. Huyu iko bwana yangu."

Baba yake Feza alikuwa mvushaji. Miaka yote alisimama nyuma ya pirogi yake pale ufukweni akiita watu, mpaka alipofariki, Feza akiwa bado mdogo. Mtoto alikuwa ameuchukua mwito wa baba yake akautia ndani ya panki, bila kumwambia mtu. Alikuwa ameichukua hata ile namna ya kuvuta mwisho wa neno. Ukiupunguza mwendo, baba alikuwa mle ndani, mzima, anangoja chombo kijae. Mimi nilikutana naye chumbani kwangu nikamwandikia kurasa mbili za kumfukuza.

"Sasa piga ya mutoto," akasema mama. Nikapiga kwa arobaini na tano. Alisikiliza upande mzima, hata nyimbo zilizomfanya akunje uso. Mwishoni akafungua kile kitenge, akazirudisha nguo za Feza mahali pake, akaliondoa gitaa karibu na moto. Halafu akatutazama, mimi na Papa Bonifasi, tulivyokuwa tumesimama kama wezi wa kuku.

"Walisema pepo inataka watu wawili. Bon, iko nyie. Ikaeni, mukule."

Tukala pondu na samaki. Sijawahi kushukuru kwa chakula kama siku ile. Mwaka mpya Feza aliimba ukumbini, na mimi ndiye niliyeshika kijiti, macho hayatoki kwenye lebo.

Ndiyo maana, mwanangu, pembeni ya kila diski katika orodha yangu utakuta alama tatu ndogo za kalamu. Maana yake nimeisikiliza yote, mara tatu, kabla sijafungua mdomo. Siwezi kukuagiza uipende namba moja yangu. Inawezekana ni aksida ya moto kweli. Ninachokuambia ni hiki: usihukumu kazi ya mtu kwa nusu dakika, na usihukumu kwa kanuni uliyojitungia. Soma kilichoandikwa katikati. Ikisikika vibaya, kabla ya kusema mwimbaji ana pepo, angalia mkono wako mwenyewe umeweka kijiti wapi. Na ukishakosea mbele ya watu, usitume ujumbe wa simu. Vuka. Nenda kwa yule mpiga gitaa leo, keti naye, umwombe akupigie dakika zote kumi na tisa, na wewe unyamaze. Akikuwekea chakula, kula.

Mungu akupe masikio mapana na mdomo wenye breki. Akujalie kukosea mapema, mbele ya watu wenye moyo wa kucheka, na usikose mzee mmoja wa kukusukuma mpaka ng'ambo. Na siku Mvushaji wetu sote atakapoita kwamba bado wawili, chombo kijae, atukute mimi na wewe pale ufukweni, tunasikia vizuri. Amina.