Valise ya Dancille

Dancille wa Mushaki alikuwa mtu wa mipango. Siku binti yake Uwimbabazi alipoingia mwaka wa kwanza wa humanités, miaka minne ya mwisho ya sekondari, kabla hata hajapata daftari, mama alishuka soko la Sake na kurudi na valise nyekundu, sanduku la safari lenye magurudumu mawili. Alikuwa ameibeba kichwani. Magurudumu hayo na barabara ya Mushaki hayakuelewana tangu siku ya kwanza.

"Iko ya université," alimwambia binti.

"Mama, kungali miaka ine."

"Njo maana naanza leo."

Kila mwaka valise iliongezewa kitu: shuka, sahani ya bati, miche ya sabuni. Kwenye mfuko wa ndani wenye zipu, Dancille aliweka vile alivyovithamini kuliko vyote: bulletin za kila mwaka zenye alama za shule, cheti cha kuzaliwa, na picha nne ndogo ambazo Uwimbabazi alipigwa akiwa amekunja uso kama anayesubiri sindano. Karatasi hizo hazikuruhusiwa kulala penginepo. Nyumbani kulikuwa na panya, na bunduki zikianza kulia vilimani mtu hupata nafasi ya kukimbia na kitu kimoja tu. Mara mbili familia ilikimbilia Sake, na mara zote mbili valise ilitangulia sufuria.

Mpango ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na tundu moja, na tundu lenyewe lilikuwa Dancille. Mwanamke huyu hakujua kusema hapana. Ukimwomba jembe anakupa, kisha anaenda kupalilia na la jirani. Na kwa kuwa kilima kizima hakikuwa na valise nyingine inayofunga vizuri, kila bibi arusi, kila mgonjwa aliyepelekwa hospitali na kila mwalimu aliyeitwa semina alipitia kwake kwanza. Dancille alimwaga shuka na sahani ndani ya gunia, akatoa valise. Karatasi aliziacha humo humo. Zipu ile ilikuwa kaidi, haikufunguka bila kusuguliwa sabuni, na yeye aliamini siri hiyo anaijua peke yake duniani. Ndiyo maana bulletin ya mwaka wa pili ilifika Butembo wakati mwenye bulletin alikuwa bado hajavuka Sake.

Miaka ikapita. Uwimbabazi alifanya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, akapata asilimia sitini na sita. Alitaka agronomie, elimu ya kilimo, maana alichoka kuona viazi vya mama yake vikiozea shambani bila mtu wa kueleza sababu. Jumanne moja préfet, yaani mkuu wa shule yao, Papa Théophile, alipanda hadi kwao na tangazo mkononi. Fakilti ya kilimo ya chuo kikuu huko Goma ilikuwa na nafasi chache, na mwisho wa kupokea dossier, yaani karatasi za maombi, ni Ijumaa.

"Dossier iko tayari?" aliuliza.

"Papa Préfet, iko tayari tangu miaka ine," Dancille alijibu kwa maringo, akainama kuivuta valise chini ya kitanda. Mkono wake ulishika gunia.

Alimpigia simu Kasika, mfanyabiashara wa Mpofi aliyekuwa akinunua maharage yake, na ambaye aliondoka na valise mwezi uliopita.

"Mama Dancille, ile valise nilimupatia Consolée wa Kibua," Kasika alisema bila wasiwasi wowote. "Anaolesha mutoto. Sikukuuliza, nilijua hauwezi kukatala."

Maneno hayo ya mwisho yalimuuma kuliko habari yenyewe. Akampigia Consolée, na Consolée akasema valise iko salama, lakini nguo za bibi arusi zimo ndani na ndoa ni kesho. Keshokutwa mpwa wake Théoneste, mwenye pikipiki, angeileta.

Uwimbabazi alikuwa amesikia yote. Hakulia wala hakugombana.

"Mama," alisema, "umekopesha hata mimi."

Dancille alichukua jembe akaenda shambani. Siku nzima ya Jumatano alilima, akarudia kulima pale alipokwisha kulima, maana aliona aibu kumtazama mtoto wake usoni.

Alhamisi mchana, mvua ikiwa imekatika, pikipiki iliingia uani. Théoneste alikuwa tope kuanzia viatu hadi nyusi, na valise imefungwa nyuma yake kwa mpira. Kutoka Kibua alikuwa ameanguka mara tatu, na mara zote, alisema, alihakikisha anayekuwa chini ni yeye. Wakampa maji ya kuoga na viazi na maharage, naye akala kwa adabu ya kijana aliyetumwa na watu wakubwa.

Dancille alisugua zipu sabuni. Zipu ikafunguka kwa urahisi uliomtia shaka. Bulletin zote zilikuwemo, cheti kilikuwemo. Picha zilikuwa tatu.

Théoneste aliweka kijiko chini.

"Mama, moja ilianguka tulipokuwa tunatoa bintu ya bibi arusi," alisema akitazama sahani. "Nilikuwa naomba ibakie kwangu."

Uwimbabazi alikuta ghafla kuna kazi jikoni. Kijana alisubiri bila hofu. Huko Kibua walimwambia kwamba mama huyu hajawahi kumnyima mtu kitu, na ukweli ni kwamba hajawahi. Dancille alifungua mdomo kama kawaida yake.

"Hapana."

Hata yeye alishtuka. Akajaribu tena kusikia linavyotoka.

"Hapana. Valise nakopesha. Mutoto, hapana."

Théoneste aliitoa picha ndani ya kofia yake, akaipangusa kwenye shati, akairudisha kwa mikono miwili.

Ijumaa Uwimbabazi alishuka Goma na bahasha tu, bila valise, kwani masomo yangeanza mwezi uliofuata. Tangazo lilisema tu "picha" bila kutaja ngapi. Karani alizipanga mezani moja moja hadi nne, ya nne ikinuka petroli, akasema zikipungua hata moja dossier haipokelewi, kisha akagonga mhuri wa kukubaliwa.

"Wameomba picha ngapi?" Dancille aliuliza kwenye simu.

"Ine, Mama. Ine kamili."

Dancille alipokata simu, jirani yake Libérata alikuwa amesimama mlangoni, na kila mtu alijua Libérata ana harusi ya dada yake wiki ijayo.

"Hapana," Dancille alimwambia.

Libérata alimtazama. "Nilikuja kuuliza kama mutoto ameingia."

"Ameingia," Dancille alisema, akaenda haraka kumtafutia kiti.