Panya na Farasi Chumba Kimoja

Bibi Tam Yuk-ha hakumwita mwalimu wa feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga nyumba ili ivute bahati, kwa ajili ya mjukuu wake. Alisema hivyo, na majirani wa ghorofa ya kumi na saba pale Kwai Chung wakamsifu, lakini ukweli ni kwamba alimwita kwa ajili ya kabati. Mkwe wake, Pui-shan, mke wa mwanawe, alinunua kabati lenye vioo milango yote miwili, akalisimamisha mbele ya kitanda cha ghorofa walicholalia bibi na mjukuu, bibi chini, mtoto juu. Kila alfajiri Bibi Tam aliamka akakutana na uso wake mwenyewe, haujaoshwa, haujajiandaa. Alilichukia kabati lile kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Kisingizio hakikukosekana. Hei-yau, mtoto wa miaka saba, alikuwa anagaagaa kitandani badala ya kulala, na shuleni imla zilikuwa zinamshinda.

"Kioo kinamwibia usingizi," Bibi Tam alimwambia mwanawe, Chi-hang. "Niitie Mwalimu Ngau."

"Mtoto halali kwa sababu ya simu, Mama," alisema Pui-shan.

"Simu haimkodolei macho usiku kucha. Kabati lako linamkodolea."

Chi-hang, ambaye tangu aoe hajawahi kumaliza sentensi mbele ya wanawake hao wawili, akaenda kumpigia mwalimu.

Mwalimu Ngau alikuja Jumamosi na dira yake ya duara, pana kama sahani ya samaki. Alisimama katikati ya chumba, na kwa kuwa chumba kile katikati yake ndiyo yote, familia ikabidi imchungulie kutoka mlangoni. Kioo alikilaani papo hapo, na Bibi Tam akamtazama mkwewe kwa huruma ya mshindi. Meza ya kusomea ikageuzwa. Mdoli wa papa mwenye meno akafukuzwa kitandani.

"Hapa chini analala nani?" mwalimu akauliza.

"Mimi."

"Ulizaliwa mwaka wa mnyama gani, Bibi?"

"Panya," akajibu, kifua mbele. Fahari hiyo ilikuwa na sababu. Marehemu mumewe alizaliwa mwaka wa Tumbili, na Panya na Tumbili ni chanda na pete. Mshenga alipopiga hesabu zao, wazazi wa pande zote mbili hawakutafuta tena. Miaka arobaini ya ndoa, na wanandoa wote waliorushiana vyombo katika jengo lile walisomewa mfano wa Panya na Tumbili wa nyumba ya Tam.

"Na mtoto?"

"Farasi!" alisema Pui-shan, haraka mno.

Mwalimu akaiteremsha dira. Panya na Farasi, akaeleza kwa upole, wamekaa pande mbili za duara la wanyama kumi na wawili wa miaka, wanatazamana kama mahasimu. Kasoro nyingine zote zinatibika. Hata kioo kingefunikwa pazia tu kikatulia. Kitu kibaya kuliko vyote mle chumbani, kwa masikitiko makubwa, kilikuwa ni Bibi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila Bibi Tam alikuwa amekilipia pia. Na Pui-shan, aliyekuwa akiita mambo yale upuuzi tangu siku ya harusi, siku hiyo hiyo akawa muumini, tena wa kutisha.

"Nitalala sebuleni," alisema Bibi Tam.

"Miguu itaelekea mlango wa mbele, Mama. Si ulitufundisha kwamba ndivyo wanavyotolewa maiti?"

"Nitageuka."

"Ukigeuka kichwa kinakaa chini ya boriti. Boriti inakandamiza. Si wewe uliyemkataza Chi-hang hata kusoma gazeti pale?"

"Basi jikoni!"

"Panya ni maji, jiko ni moto. Unataka tuungue?"

Ujia ulitazamana na mlango wa choo. Kila pembe ya nyumba ile ilikuwa na mwiko, na kila mwiko aliuleta Bibi Tam mwenyewe kwa kinywa chake. Siku kadhaa godoro lake lilisimama wima sebuleni, limeegemea ukuta, likisubiri hukumu, naye akasinzia kitini. Kule chumbani Hei-yau aliendelea kugaagaa vilevile, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Kisha Chi-hang akamaliza sentensi. "Mama, kuna nyumba moja ya wazee kule Sheung Shui, karibu na mpaka, safi, ina bustani, na iko kaskazini, na mwalimu anasema kaskazini ndiko kwa Panya."

Bibi Tam aliingia jikoni akaosha mchele uliokwisha kuoshwa. Aliumia hasa. Yeye ndiye aliyekuwa akimsuka nywele mtoto yule, akimfundisha kuhesabu kwa mbegu za tikiti, akimshika mguu uliokuwa ukining'inia kutoka kitanda cha juu hadi aache kutikisika. Sasa apelekwe mpakani kwa sababu ya mnyama! Aliporudi sebuleni uongo wake ulikuwa tayari.

"Mwiteni tena mwalimu," alisema. "Mimi ni Nguruwe."

Mwalimu Ngau akaja, dira kwapani, akasikiliza. Alizaliwa siku chache kabla ya mwaka wa Nguruwe kwisha na wa Panya kuingia, alieleza Bibi Tam. Mama yake alimwambia.

"Kitambulisho je?" akauliza Chi-hang.

"Kitambulisho kaandika karani. Karani alikuwepo nikizaliwa?"

Mwalimu akafikiri. Nguruwe na Farasi hawana neno, akasema. Wanaweza kulala chumba kimoja hata uzeeni. Bibi Tam akaanza kushusha pumzi.

"Samahani, mwalimu," Pui-shan akaingilia. "Nguruwe na Tumbili je?"

"Aa, hao," alisema mwalimu. "Hao huumizana. Nyumba moja hawakai."

Wote wakageuka kuitazama picha ya mzee ukutani. Bibi Tam naye akatazama. Hilo hakulipigia hesabu. Mume wake alikuwa akimmenyea kamba wa baharini mezani na kumwekea kwenye bakuli bila kusema neno, na maisha yake yote yeye alizishukuru nyota.

"Mama," alisema Chi-hang polepole, "wewe na Baba mlikaa miaka arobaini."

"Hatukuambiwa," alisema Bibi Tam. "Tungeambiwa, labda tungegombana."

Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Mwalimu akajifanya anaifuta dira. Pui-shan alisimama kitambo akimtazama mama mkwe wake, kisha akaenda ukutani akalishika godoro.

"Chi-hang, shika upande wa pili," alisema. "Na wewe Mama tupishe mlangoni mwa chumba chenu."