Kipande cha Plastiki ya Buluu

Usiniamini kwa sababu mimi ni msomi. Wasomi nao huongopa, tena kwa majedwali. Niamini kwa sababu kisa hiki kinaniaibisha, na sijaona mtu anayetunga uongo wa kujiaibisha. Akili yangu ilikuwa timamu na nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu. Haya yalinikuta kwenye barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, katika enzi zile za ruksa, wakati pikipiki kuukuu za Kijapani na vipuri vya Dubai vilipoanza kujaa hata katika maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme. Utafiti wangu ulihusu hitilafu za taa katika pikipiki za mabwana shamba, ambao walilalamika kwamba taa huwazimikia wakirudi kutoka Tindiga au milimani Vidunda. Nilikuwa na mita mpya ya kupimia umeme, michoro ya nyaya, na daftari lenye jalada la plastiki ya buluu. Mashaka, fundi wa karibu na stesheni, alikuwa na spana tatu, kipande cha msasa na elimu ya darasa la saba. Mabwana shamba walinisalimu mimi kwa heshima, kisha wakampelekea yeye pikipiki zao.

Je, umewahi kumwonea mtu wivu mpaka ukachukia hata namna anavyoshika spana? Taa moja ilinishinda siku mbili. Pikipiki ikisimama, inawaka, ikitembea, inazima. Mashaka aliomba itikiswe, akasikiliza, kisha akapeleka kidole chini ya tanki, pale waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, unapofungwa kwenye fremu kwa bolti.

"Profesa," aliniambia, "umeme ni kama mgeni. Ukiukaribisha, uonyeshe na njia ya kurudi."

Akakwangua kutu, akakaza, taa ikatulia. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Muda si mrefu, meneja wa mradi uliokuwa ukigawa pikipiki hizo akatangaza kwamba anafungua karakana Mikumi na anatafuta msimamizi. Alitupatia pikipiki mbili mbovu, mimi moja na Mashaka moja. Tuzitengeneze, kisha kila mtu aendeshe yake hadi Mikumi, afike jua limekwisha kuchwa na taa inawaka. Nafasi ile niliihitaji ili kumaliza utafiti wangu. Huo ulikuwa ukweli, lakini haukuwa wote. Nilitaka hasa Mashaka ashindwe mbele ya watu.

Mchana wa safari alipokwenda kuswali, nilikata kipande cha jalada la daftari langu, kidogo kama kucha, nikakipachika kati ya waya wake wa ethi na fremu. Nilipiga hesabu vizuri. Umeme ungepita kwa kubahatisha kwenye uzi wa bolti tu. Karakanani taa ingewaka, barabarani ingezima. Nilijua pia kwamba karibu na Mikumi tembo huvuka barabara. Nilijua, nikakaza bolti.

Mashaka alitangulia. Mimi nilifunga ethi yangu kwa mikono yangu baada ya yeye kuondoka, nikaipima, kisha nikamfuata kama saa moja baadaye. Nilipanga nimkute gizani, nimwokoe.

Nilikuwa nimekwisha kupita kijiji cha Ulaya, magharibi imeingia na barabara imelowa kwa mvua ya mchana, taa yangu ilipozima. Nikazima injini, nikatia ufunguo mfukoni, nikatoa tochi na mita. Balbu nzima. Fyuzi nzima. Swichi haina kasoro. Nikarudia kwa utaratibu uleule.

"Marahaba," sauti ikasema nyuma yangu.

Sikuwa nimemwamkia mtu. Niligeuka, nikamwona mzee aliyevaa koti la zamani la wafanyakazi wa reli, lenye vifungo vya shaba. Nikasema shikamoo, kwa kuchelewa.

"Nimeshaitikia. Umetafuta wapi?"

Nikamtajia.

"Na ethi?"

Nikamwambia ethi nimeifunga mwenyewe, haina neno.

"Yako umeifunga mwenyewe," akasema. "Na ya mwenzako?"

Hakungoja jibu. Bolti niliyoikaza kwa spana aliifungua kwa vidole vitupu, akachomoa kitu, akairudisha. Taa ikawaka. Zingatia hili: injini ilikuwa imezimwa, na ufunguo niliupapasa mfukoni mwangu. Akanitilia kitu kiganjani, akasema, "Chukua chako."

Kilikuwa kipande cha plastiki ya buluu. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu, na mwanga ule ulionyesha matope yenye nyayo zangu peke yangu.

Mikumi nilimkuta Mashaka nyumba ya wageni pamoja na meneja, taa yake ikiwaka uani. Karakana alikwisha kupewa. Alinimiminia chai, akasimulia kwamba taa ilimzimikia mara moja tu, na mzee wa koti la reli akamsaidia.

"Akaniuliza kama nina adui. Nikamwambia sina, mzee, nyuma yangu anakuja rafiki yangu Profesa. Hiyo ni kutu tu."

Usiku ule nililinganisha kipande na jalada. Tundu lilikuwa moja, na kiliingia sawasawa. Nimejaribu kila maelezo. Labda Mashaka alikigundua, akanitegea nami? Lakini ethi yangu niliifunga akiwa ameshaondoka.

Tangu hapo nimemiliki pikipiki nne, na kila moja taa yake huzima magharibi ikiingia. Nimebadilisha balbu, nyaya, hata betri. Haiwaki mpaka niipeleke Mikumi. Mashaka hunipa benchi, hufungua bolti ya chini ya tanki, hukwangua kitu kwa ukucha. Mimi hutazama pembeni nisione ni cha rangi gani.

"Kutu tu, Profesa," husema.

Safari ya mwisho nilijikaza, nikaanza kumweleza kuhusu mchana ule alipokwenda kuswali. Hakuinua macho.

"Najua," akasema. "Washa tuone."

Ikawaka. Nawe unayesoma, kama kuna mtu ambaye ustadi wake unakunyima usingizi, mwache apite na taa yake. Ukiizima, itakubidi kumpelekea yako maisha yako yote, naye atakupokea vizuri.