Finjani Tatu za Hajja Fidda

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Rasmiya alimwambia Hajja Fidda kwamba kuna mtu kamwomba amtazamie makao ya wazee, basi waende wote wawili wapunge upepo, maana kwa kukaa ndani namna ile wataota ukungu. Akasema huku akichezea hereni ya sikio la kushoto. Hajja alikuwa anachambua dengu kwenye sinia, akizisogeza karibu na jicho lake moja linaloona.

"Mtu gani huyo?"

"Mtu mzima tu. Hana mume, hana mtoto. Magoti yamemwisha."

Hajja akaacha dengu. Akamtazama Rasmiya kwa muda, hata Rasmiya akadhani mambo yameharibika.

"Maskini," Hajja akasema. "Mwambie asione haya. Twende tukamtazamie."

Rasmiya akashusha pumzi. Kazi ngumu ameimaliza, aliona. Hakujua kwamba hata hajaianza.

Walikuwa wakiishi wawili tu, juu ya Jabal Ashrafiya, Amman, kwenye nyumba ya marehemu Sabri, baba yake Rasmiya, ngazi tisini na nne kutoka barabarani. Rasmiya alikuwa na miaka sitini na minne. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia akifundisha ushonaji katika shule ya wasichana. Hajja Fidda alikuwa na themanini na miwili. Alikuja katika nyumba ile kama mke wa baba, mama yake Rasmiya alipofariki, na Rasmiya akiwa na miaka sita akaambiwa amwite Mama Mdogo, kama watu wanavyoita. Akamwita hivyo mpaka leo. Hajja naye, ambaye hakujaliwa kuzaa, kila alipomjulisha kwa wageni alisema, "Huyu ni Rasmiya, wa Sabri." Walipendana, lakini majina yalibaki pale pale yalipowekwa siku ya kwanza.

Mwezi wa tatu walianguka bafuni. Rasmiya alikuwa anamwinua Hajja, goti likagoma, wakaenda chini wote. Wakakaa sakafuni dakika arobaini. Za mwanzo walicheka. Baadaye wakaacha kucheka. Daktari akasema magoti yote mawili yapasuliwe, na baada ya hapo miezi mitatu Rasmiya asiinue kitu, hata birika. Tarehe ikapangwa, wiki tatu mbele. Hajja alikuwa ameshaunguza sufuria tatu na kusahau gesi wazi mara mbili. Kumwacha peke yake haikuwezekana. Kaka yake Rasmiya, Ratib, alipopigiwa simu alisema, "Wewe chagua tu, dada, mimi nipo." Yupo, na yuko Kuwait.

Basi ikawa hivyo: ndani ya wiki tatu Rasmiya apate mahali pa kumweka Hajja, na apate na ulimi wa kumwambia. Kuhusu ulimi aliahirisha. Jirani yao, Mama Jiryis, aliposikia alimtazama kama mtu aliyeiba msikitini. "Unampeleka Hajja? Wewe?" Basi. Hakuongeza neno, na ingekuwa afadhali angetukana.

Makao ya kwanza yalikuwa upande wa magharibi wa mji, vigae vinang'aa, na manukato ya kupuliza yamejaa hata unapiga chafya. Msimamizi, mwanamke wa mjini mwenye sauti laini, akaagiza kahawa. Hajja akaipokea finjani yake, akaiweka mezani, akakunja mikono.

Sasa hapa ndipo Rasmiya alipoanza kuchanganyikiwa. Hajja Fidda hunywa kahawa mara tano kwa siku. Daktari alimkataza, akawa anaiba. Iweje leo aletewe kahawa mbele yake, akae anaitazama tu?

"Mlango wa nje mnafunga saa ngapi?" Hajja akauliza.

"Unafungwa wakati wote, Hajja, kwa usalama wao."

"Na mtu akitaka kwenda sokoni?"

"Tunamletea kila kitu."

"Hm," akasema Hajja, na ile "hm" Rasmiya aliifahamu tangu utoto. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa na kichwa wala miguu: "Mnalazimisha watu kula bamia?"

Bamia Hajja anazipenda kuliko roho yake. Asiyezila ni Rasmiya. Msimamizi akacheka kwa adabu, akauliza kama Hajja angependa maji ya matunda badala ya kahawa. Wakaondoka, finjani imejaa vile vile.

Makao ya pili hali ikawa mbaya zaidi. Hajja akajilaza juu ya kitanda cha mtu, na viatu vyake, akageukia dirishani. "Upepo unaingia hapa. Atapata kikohozi." Akahesabu hatua kutoka kitandani mpaka chooni kwa sauti, hatua ishirini na mbili. "Kwa magoti yale hafiki," akasema. Kisha akauliza kama wana cherehani. Rasmiya akababaika. Hajja hajawahi kushona hata kifungo. Vifungo vyake vyote tangu enzi za Sabri anashonewa na Rasmiya. Kahawa ikaletwa. Ikawekwa mezani. Haikuguswa.

Kwenye teksi Rasmiya akamwuliza, "Mama Mdogo, kahawa yao ina nini?"

"Haina kitu. Ilikuwa nzuri, nimeinusa."

"Sasa mbona hukunywa?"

"Ningewezaje kuinywa?" Hajja akasema, kama anayeshangaa kuulizwa, akageuka kutazama dirishani.

Rasmiya hakuelewa. Akawaza: ameshajua ni yeye, na huku ni kugoma. Halafu akawaza: hapana, akili ndiyo inaondoka, zile sufuria zilikuwa salamu tu. Halafu akawaza pengine anaogopa kuwekewa dawa. Siku nzima akawa anabadili mawazo na kila wazo linamwumiza mahali pake. Hata makao yenyewe hakuweza kuyalinganisha tena. Ya kwanza yalikuwa mazuri au yalikuwa na vigae tu? Kwanza, mtu anachaguaje mahali pa kumweka mtu aliyemsuka nywele miaka yote ile? Alichukua vijikaratasi vyao, akavisukuma chini ya kitambaa cha meza, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ya tatu yalikuwa nje kidogo, kwenye njia ya kwenda mji wa Salt. Msimamizi wake alikuwa Bwana Dhiyab, mzee mrefu wa Karak, aliyekwishaongea na Rasmiya kwa simu na kuandika jina la Hajja kwa penseli kwenye fomu, ili ikifika siku iwe tayari. Ua lilikuwa na jua. Ukumbini vikongwe wawili walikuwa wakigombania karata, na pembeni, chini ya dirisha, palikuwa na cherehani ya miguu. Hajja akaigusa, akazungusha gurudumu lake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ofisini Bwana Dhiyab hakuagiza kahawa. Alikuwa na dele lake mwenyewe kwenye kona, la shaba, na akamimina mwenyewe kwa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, amesimama. Hajja akapokea. Akaiweka mezani. Akakunja mikono.

Rasmiya akafumba macho kwa aibu. Alipofumbua akamwona Bwana Dhiyab ameketi wima, ameweka simu ndani ya mtoto wa meza, anatengeneza kitambaa cha kichwani.

"Hajja," akasema polepole, "una haja."

"Nina haja."

"Sema, mama yangu. Nakusikiliza."

Hapo ndipo Rasmiya alipokumbuka. Alikwishaona jambo hili mara kumi, kwenye posa: wazee wanakuja kuomba binti, wanapewa kahawa, mkubwa wao anaiweka chini na haigusi mpaka mwenyeji aseme kwamba haja yao imekubaliwa. Lakini hiyo ni kazi ya wanaume. Hajawahi kuona mwanamke akiweka finjani. Ndiyo maana mara mbili iliwekwa mbele ya macho yake na hakuiona.

"Mimi ni mwanamke," Hajja akaanza, "na maneno haya husemwa na wanaume. Lakini wanaume wa nyumba yangu wamekufa, na aliyebaki anakaa ndani ya simu. Huyu ni binti yangu."

Rasmiya akageuka kumtazama. Hajja hakugeuka.

"Magoti yamemwisha, anaficha. Hana mume, hana mtoto. Kaona haya kuniambia, akasema eti ni kwa mtu. Mtu! Tangu ana miaka sita, akidanganya anashika sikio. Mimi nina miaka themanini na miwili. Nikifa, nani atampa maji? Nimemtazamia mahali pawili. Pa kwanza wanafunga mlango, na huyu bila soko anakonda. Pa pili choo kiko mbali. Kwako kuna jua, na cherehani nimeiona. Bamia hali, msimlazimishe. Namwombea kitanda."

Bwana Dhiyab akamtazama Rasmiya. Rasmiya akafungua kinywa, na kilichotaka kutoka hakujua ni kicheko au ni kilio, akakifunga. Amwambie nini? Kwamba fomu ile mezani ina jina lake yeye Fidda? Bwana Dhiyab akanyoosha mkono, akaigeuza fomu, upande wenye maandishi ukalala chini.

"Kunywa kahawa yako, Hajja," akasema. "Ulilolijia limekubaliwa."

Hajja akanywa kwa funda moja, akakunja uso. "Imepoa."

Bwana Dhiyab akammiminia nyingine. Akanywa na hiyo, na ya tatu pia, ndipo akaitikisa finjani kuonyesha ametosheka.

"Na wewe, Mama Mdogo?" Rasmiya akauliza. "Wewe utakaa na nani?"

"Mimi nina nyumba yangu. Mimi mzima. Nitakuja kukuona kila Ijumaa, nikuletee dengu. Na usilie mbele ya watu."

"Chumba nitakachompa kina vitanda viwili, Hajja," akasema Bwana Dhiyab, macho ameyaelekeza kwenye dele. "Ijumaa moja ukichelewa, au ukichoka na zile ngazi, usihangaike kurudi."

"Tutaona," akasema Hajja. "Sitaki kumzoesha."

Bwana Dhiyab akatoa fomu mpya kabisa, akaisogeza mbele ya Rasmiya pamoja na kalamu. Rasmiya akaishika kalamu, isiende. Alikuwa amekuja kumkabidhi mtu, sasa amekabidhiwa yeye, na neno lililompa haki hiyo limesemwa leo kwa mara ya kwanza, mbele ya mwanaume wasiyemjua, kama kitu kilichojulikana siku zote.

Hajja akamgusa kiwiko. "Andika jina lako, mwanangu. Au hata kuandika umesahau?"

Rasmiya akaandika jina lake. Likaja herufi moja moja, zimepinda, kama za wanafunzi wake siku ya kwanza. Chini palikuwa pameulizwa nani aitwe likitokea jambo. Akaandika Fidda. Na palipoulizwa uhusiano akaandika mama, akaishia hapo.