Barua Niliyomwandikia Mfalme wa Kanada

Mpaka leo nikiingia kanisani kwetu hapa Northland nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na anayeniuliza sababu namwambia ni mgongo (kazi ya ghala inaumiza mgongo, hilo si uongo), lakini mgongo hauhusiki, ni aibu tu, na afadhali mnisikie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Kaka yangu mkubwa, Nestori, alibaki kambi ya wakimbizi kule Kigoma sisi tulipoletwa Marekani, kwa kuwa alikuwa ameshaoa na faili lake lilikuwa peke yake. Miaka ikapita, mlango wa huku ukafungwa, na mama yetu akawa haombi jambo lingine ila kumwona tena. Ndipo binamu yetu Odeta, anayekaa Buffalo, akapata kanisa ng'ambo ya mto, upande wa Kanada, lililokubali kumdhamini. Tukajaza karatasi, nikaandikwa mimi kuwa mpokeaji wa barua (kwa sababu najua Kiingereza, au ndivyo nilivyokuwa najisifu). Baada ya muda ikaja barua ya karani mmoja wa uhamiaji: tarehe za kuzaliwa za Nestori kwenye karatasi mbili hazifanani, tueleze kwa nini, ndani ya siku thelathini.

Kazi ya nusu saa. Lakini mimi nimekulia kambini, na kambini tulijifunza kwamba karani ni mtu wa kukuzungusha, ukitaka jambo lako liende unamruka unamwandikia mkubwa wake, na mkubwa wa mkubwa wake, mpaka mtu aogope. Nikapekua mtandaoni nikaona Kanada ina mfalme, serikali ni ya Mfalme, sheria zinapita kwa jina lake, mawaziri ni wake. Nikamwambia Mama, "Huyu karani wa nini? Tumwandikie mwenye nchi."

Mama alifurahi mno. Baba yake aliwahi kupeleka malalamiko kwa mwami, yaani mfalme wa kule Burundi, enzi bado kuna mwami, akasikilizwa siku hiyo hiyo. "Mfalme husikia, mwanangu," akasema. "Ni hawa wa katikati wanaoziba masikio."

Ingeishia hapo ingekuwa siri ya nyumbani, lakini mimi tena! Nikaipeleka barua kanisani nikaisoma mbele ya watu, kurasa tatu nzima, nikaomba kila mtu aweke sahihi. Akasimama Dada Mercy, Mkenya aliyekuja chuo hapa kusomea mambo ya serikali.

"Haki Brother Yeremia, huyo King haamui kitu," akasema. "Anayeongoza ni prime minister, kwa sababu wabunge wengi wako nyuma yake, na mawaziri ndio wanaamua. King ama representative wake anasign tu chenye wamemshauri. Jibu huyo karani, please."

Nikamkunjia uso. "Dada, Kenya mna rais, ya wafalme utayajulia wapi?" Watu wakacheka (na Kenya ilikuwa chini ya taji hilo hilo la Uingereza, ila hilo sikulikumbuka). Mercy akakaa. Odeta alipopiga simu kutoka Buffalo kuuliza kama nimemjibu karani, nikamwambia tuna barua kubwa kuliko hiyo. Na kibaya zaidi, nikampigia Nestori nikamwambia jambo lake liko kwa Mfalme, naye akawatangazia majirani wote.

Jibu lilikuja kwenye bahasha nyeupe nzito. Sikuifungua. Nilisubiri Jumapili, nikamkabidhi Mercy aisome na kuitafsiri mbele ya kanisa (nilitaka ajionee mwenyewe!), Mama ameketi mbele na kitenge chake kipya.

Mercy akasoma kwa sauti ndogo. Ofisi ya mwakilishi wa Mfalme inashukuru. Kwa mujibu wa katiba, mwakilishi hufuata ushauri wa mawaziri, nao huwajibika bungeni, kwa hiyo hawezi kuingilia maamuzi ya uhamiaji. Barua imepelekwa kwa waziri. Kisha akaniangalia akauliza, polepole, kama zile siku thelathini bado zipo. Zilikuwa zimekwisha wiki mbili nyuma.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mama akauliza, "Kwa hiyo mfalme wao ana kazi gani?"

"Anaweza kuuliza, Mama, hata kuonya," Mercy akajibu. "Kuamua ni wao."

"Na yule karani?"

"Yule alikuwa anafanya kazi ya waziri."

Mama akajifunika uso na ncha ya kitenge, nami nikabaki nimesimama pale mbele sijui mikono niiweke wapi.

Faili la Nestori limefungwa. Tukitaka tuanze upya, mwisho wa foleni, na lile kanisa la ng'ambo halijasema kama litamdhamini tena. Nimeapa: barua ikija, namjibu aliyeiandika, siku ile ile, hata awe karani wa mwisho kabisa.

Nestori nilimpigia mwenyewe nikamweleza yote. Akauliza kama Mfalme aliliona jina lake. Nikasema sidhani. Akasema, "Sawa, mdogo wangu. Ila Mama usimwambie kama nimelia."

Simu ilikuwa kwenye spika, na Mama alikuwa amekaa pembeni yangu.