Mawe ya Mariamu

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, kwenye ua wetu mwembamba nyuma ya msikiti, ambako cherehani ya mama ilinguruma tangu asubuhi. Mwaka mmoja dada yangu mkubwa, Mariamu, aliugua homa ya uti wa mgongo. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yake. Watoto wa mtaani wakaanza kucheka jinsi sauti yake ilivyopanda na kushuka ovyo, naye akafunga mdomo, akaacha shule, akaacha kusema kabisa. Mama alimwita kwa mikono, akamwonyesha sahani, akamwonyesha kitambaa kipya. Mariamu alimtazama tu, kisha akageukia ukuta.

Likizo ndefu ilipofika, shangazi Hadija alikuja kutuchukua twende kwake Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. "Wifi, mtoto akifungiwa ndani anaoza kama ndizi," alimwambia mama. "Niachie mimi." Ufukwe wa huko ulinuka sambaza, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa juani, na maji ya asubuhi yalikuwa baridi hadi yanauma vifundo vya miguu. Siku za kwanza Mariamu alikaa mchangani amekumbatia magoti. Kisha asubuhi moja akainama, akaokota jiwe jeupe laini kama yai, akaligeuzageuza, akalifuta kwa kanga. Jioni alichokoa kopo la rangi ya buluu iliyobaki shangazi alipopaka milango, akatafuna ncha ya kijiti ikawa brashi, akalichora jicho. Tangu hapo tukawa watu wa mawe. Mimi nilikusanya kwa pupa, yeye akachagua. Yale meusi ya volkano, yenye matundu, aliyatupa kwa sababu yalikunywa rangi yote. Na yale tuliyoyapaka kabla hayajakauka yalibanduka rangi kama ngozi ya nyoka. Tukajifunza kuyaosha, kuyaanika, kusubiri. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Juu ya mawe yale nikaanza kuona kuku wa shangazi, mitumbwi, na mama ameinamia cherehani. Mariamu alikuwa bado hasemi, lakini nilijua sasa anawaza nini.

Siku ya kurudi Kigali tuliyatia yote katika gunia. Kondakta wa basi alilinyanyua, akalibwaga chini.

"Mama, hii mfuko iko na nini?"

"Mawe," shangazi akajibu.

"Mawe? Kwani Kigali hakuna mawe? Toa hii, gari itashindwa kupanda mlima."

Akaanza kufungua kamba ili ayamwage pale pale kituoni. Mariamu hakusikia neno, ila aliiona mikono yake. Akajitupa juu ya gunia. "Usimwage!" Sauti ilimtoka kubwa, imepinda, abiria wote wakageuka. "Yangu! Nimeyachora mimi!" Hakuna aliyecheka. Kondakta alichukua jiwe moja, akalitazama, akaona kuku. Akalirudisha taratibu. "Yego, ndiyo dada. Panda nayo." Shangazi alilia njia nzima, akijifuta kwa ncha ya mtandio, na Mariamu akawa anamwuliza kwa sauti ile ile, "Unalia nini? Hayajamwagwa!" Tulipofika nyumbani alimwita mama akiwa bado kwenye kichochoro, na cherehani ikanyamaza.

Baada ya likizo hiyo alikubali kurudi shule, na baadaye akapata shule ya viziwi, mbali na nyumbani, ambako alijifunza lugha ya alama. Leo anafundisha watoto viziwi kuchora, katika chumba chenye dirisha kubwa huko Kabeza. Wazazi wao huja kujifunza alama pamoja nao, jambo ambalo sisi hatukujua hata kama lipo. Utotoni kwetu tulimzunguka Mariamu kwa upendo mwingi bila neno la kumpa. Siku hizi, Ijumaa mchana, yeye na binti yangu, aliyejifunza alama kwake, hubishana mezani kwa mikono, mbiombio, mchuzi ukipoa. Binti yangu anamwita mama mkubwa na hamkubalii jambo lolote. Wakiangua kicheko, mimi ndiye ninayebaki na kijiko hewani, nikiomba nielezwe.